Baba Alianzisha Mpira Bila Kukunja Goti

Shangazi Delfina mpendwa, nisaidie, nyumbani hawanielewi. Mimi ni Nélida wa hapa mjini Azul, nina miaka hamsini na kitu, na tenisi nilifundishwa na marehemu baba, Evaristo, mtunza viwanja vya udongo mwekundu, ambaye jioni tukishaburuta mkeka wa kusawazisha uwanja alikuwa ananipitishia kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani, ya moto, tunywe kwa zamu, halafu anasema, “Haya mama, tuanzishe,” anarusha mpira juu huku akipiga mluzi, naye amesimama wima, mguu mmoja mgumu tangu alipoangushwa na farasi, mkono peke yake ndio unaofanya kazi, na mimi nikaiga kila kitu, hata leo nikianzisha mpira wazee wa klabu husema, “Lo! Evaristo huyo!” na machozi hunilenga. Sasa bega limeharibika, tabibu wa viungo anasema nikiendelea hivi sitaweza hata kuchana nywele, lazima nijifunze upya, na mume wangu Rubén ananiambia, “Mzee ameshakufa, unataka na bega limfuate?” Nililia sana, maana nikibadilisha, Shangazi, nitakuwa nimemzika baba mara ya pili. Nifanyeje?

Nélida mwanangu, pole. Umeniliza, kisha ukanitia hasira. Hivi umeisoma barua yako mwenyewe? Mguu wa mzee ulikuwa mgumu! Hakukunja goti kwa sababu hakuweza, na wewe una magoti mawili mazima umeyafanya mapambo. Hapo ulichorithi ni ajali ya farasi. Nguvu ya kuanzisha mpira hutoka ardhini: magoti yanakunjuka, kiuno kinazunguka, kifua kinafuata, bega linapokea na kuupitishia mkono, kama kile kibuyu chenu. Wewe umelibebesha bega mzigo wa mwili mzima, lisilalamike kwa nini? Rubén mwambie hivi: maneno yake ya kweli, ulimi wake mbaya.

Unadhani Evaristo angekuwa na goti zima asingelikunja? Angeruka huyo!

Basi raketi weka chini mpaka bega lipone. Kisha mrudie tabibu, ujifunze kukunja magoti, polepole, bila kununa. Mluzi usiuache, na mpira urushe vilevile alivyourusha yeye. Wazee wakisema tena, “Evaristo huyo!” wajibu, “Ndiye. Goti limepona.”