Bei za Mabanda ya Ndege

Nyumba ya Wazee, Nebraska
9 Machi 2016

Mdogo wangu Adela,

Pokea salamu za kaka yako. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Nasikia huko Arizona mmeshaanza kuvaa mikono mifupi. Sisi huku bado tunakoga theluji. Moyo wangu umechoka. Daktari haniambii tena habari za miezi, anahesabu wiki. Usilie, miaka themanini na sita si haba. Ila kuna jambo ambalo siwezi kuondoka nalo.

Unakumbuka mwaka 1987 nilikuwa meneja wa uwanja wetu mdogo wa ndege. Mabanda ya kuegeshea ndege yalikuwa yakivuja, na bodi ilitaka kujenga safu mpya ya mabanda kumi. Benki ingetukopesha tu kama kodi za wenye ndege zingetosha kulipa mkopo. Mwenyekiti akaniuliza kama kodi isipopanda, saruji nitaikoroga kwa mate? Akaniagiza nivipigie simu viwanja vitano vya jirani, niulize wanatoza kiasi gani, ili bei yetu ilingane na yao. Sisi tulitoza dola thelathini na tano kwa mwezi. Ili kujenga, tulihitaji themanini na tano.

Kwenye mkutano wa hadhara nikasoma bei za majirani: themanini, themanini na tano, tisini. Mumeo Lumir akasimama, kofia mkononi, akasema, “Shemeji, hizo bei umeziokota wapi, Chicago?” Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamjibu kwamba asiyeweza kulisha farasi asifuge farasi. Kicheko kikamgeukia yeye. Bodi ikapiga kura, bei ikapita.

Wiki ileile aliitoa bandani ndege yake ndogo ya mabawa ya kitambaa, akaifunga kwa kamba nje, kando ya uzio. Nilipopita akaniambia kwamba ng'ombe wake nao hulala nje na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwezi wa Julai, mchana, wingu la mvua ya mawe likatokea magharibi. Mabawa yale yangetobolewa yote. Lumir akakimbilia uwanjani, akairusha ndege ili aitoroshe kuelekea mashariki. Upepo ukamgeuka, akaanguka nayo kabla hajavuka mahindi ya jirani.

Baada ya mazishi, kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wakinywa kahawa, ulinishika mkono wa koti. Uliniuliza, “Kaka, niambie kweli, bei ile ilikuwa ya haki?” Nikasema ilikuwa ya haki. Ukasema basi ubahili wake ndio uliomuua. Milada na Otto wamekua wakisikia kwamba baba yao alizipenda dola hamsini kuliko wao. Nimekaa meza moja nanyi kila Krismasi, nikisikia, na nimenyamaza.

Adela, haikuwa ya haki. Nilipiga simu zote tano. Hakuna uwanja uliotoza zaidi ya arobaini. Bei nilizosoma nilizibuni mezani kwangu, kwa penseli. Sikula hata senti. Nilitaka mabanda, nilitaka watu waseme Emil amejenga. Yamesimama mpaka leo, na hayavuji. Katika ukumbi mzima, Lumir peke yake ndiye aliyeuliza lililopaswa kuulizwa, nami nikamfanya kichekesho.

Jana nilimweleza mwenyekiti wa sasa wa bodi. Wiki ijayo gazeti letu litachapisha maelezo yangu kwa jina langu. Nimetaka uyapate kwangu kwanza. Msamaha siuombi, sioni ningeuomba kwa mdomo gani. Ninaloomba ni uwaambie watoto kwamba baba yao hakuwa bahili. Alikataa kupunjwa, na mwenye kumpunja alikuwa mjomba wao.

Ukipata nguvu ya kusafiri, usianzie hapa kwangu. Anzia makaburini kwa Lumir, ukae naye kadiri utakavyotaka. Ukichelewa ukanikosa, nitajua ulikuwa wapi.

Wabusu wajukuu. Tunza hilo goti.

Ni mimi kaka yako,
Emil Hruska