Mota Nyuma ya Kanisa

Area 23, Lilongwe
3 Machi 2025

Mdogo wangu Mukundwa,

Pokea salamu za kifua kizima. Uko aje? Mgongo bado unakusumbua? Mi niko muzima, nazidi kuwa mzuri, mpaka bamama ba soko banasahau kurudisha chenji.

Cishahayo wa minibasi anakuletea mota ya ndege ndogo na pangaboi zake mbili. Yule fundi wa Kauma, mwenye kurusha ndege za kupiga picha mashamba, amesema hivi: umuonyeshe kiti cha kufungia na kujaribia mota, ikimbie kwa nguvu yote bila mtu kutoka damu, atakuchukua kazi, na kibali cha kutoka hiyo kambi ya wakimbizi atashughulika yeye.

Lakini usiishike kwa mkono. Jirani yangu Fabien aliishika kama kuku wa kuchinja. Vidole viwili vikaenda, kimoja kikaangukia sahani ya nsima ya mkwe wake. We funga mota kwenye meza na kauchu, ile mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli za kabaza. Mi nimefunga kwenye baiskeli yangu friji, mbuzi, hata jeneza na mwenyewe ndani, toka Likuni mpaka huku, hakuna kilichoanguka. Dunia naijua.

Kaka yako, mkubwa kwa umri na kwa akili,
Épitace

Dzaleka
11 Machi 2025

Yaya Épitace,

Salamu nyingi, kaka yangu. Mgongo umepona, sasa njo roho inauma. Jirani Sylvie anakusalimia, ile salamu ya mtu mwenye mbuzi yake imekufa.

Kauchu zako! Jeneza halijivuti, yaya. Mota inajivuta. Niliipa moto, kauchu zikarefuka, zikarefuka, halafu zikairudisha kwa hasira. Pangaboi ikapiga ukingo wa meza, ikapasuka. Kipande kimoja kilitoka mlangoni kikaingia kwenye shingo ya mbuzi wa Sylvie. Mbuzi akatembea kidogo, damu inaruka mpaka kwenye mashuka ya kuanika, akalala. Kingine bado kiko kwenye tofali, karibu na pale sikio langu lilikuwa.

Nimejenga upya nyuma ya nyumba. Ubao mzito, miguu ndani ya simenti, boliti nne zenye nati mbilimbili, wavu wa kitanda cha chuma pande zote. Waya ni mrefu, na mi nasimama nyuma ya mota, maana vipande vinarukia pembeni.

Shida sasa ni Gaspard, huyu jirani wa ukuta. Kule Kivu, kitu chenye sauti kama hii kilitoka juu kikamuulia mke na mtoto shambani. Amekuja kwangu jasho linatoka. "Mukundwa, ukiwasha tena, nakuvunja mkono." Hakupandisha sauti, yaya. Njo maana naogopa.

Mdogo wako,
Mukundwa

Area 23
15 Machi 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Unaamkaje? Unakula? Mwambie Sylvie mbuzi wake alikufa kama askari, nitamletea mwingine mwenye pembe za kizungu.

Gaspard asikutishe. Mi nilisukuma wanajeshi watatu pale Uvira, nikawaomba msamaha nikawasukuma tena. Sikia akili ya mtu aliyetembea: washa siku ya Mungu, wakati kwaya inapiga ngoma. Kanisa si liko mbele ya nyumba yako? Ngoma zitaimeza mota, we unapiga video ya fundi, umemaliza. Nani atasikia?

Kaka yako mwenye mipango,
Épitace

Dzaleka
26 Machi 2025

Yaya,

Nakusalimia kwa mkono wa kushoto, usicheke mwandiko. Wa kulia uko kwenye plasta.

Kwaya ilipiga ngoma vizuri sana. Halafu mchungaji akasema tunyamaze tuombe. Yaya, kanisa lilinyamaza lote, mota yangu ikabaki peke yake inalia.

Batu ba Kivu balijitupa chini. Bengine balitokea madirishani na vioo. Mama mmoja alikanyagwa mbavu. Gaspard aliruka ukuta na mpini wa jembe, akanipiga mara moja tu, mfupa ukalia kama ukuni. Kama alivyoahidi.

Halafu akageukia mota. Akapiga wavu mpaka mpini ukavunjika, akasukuma mikono akitaka kuikamata kabisa, inazunguka! Wavu ulikataa. Nilizima swichi na mguu. Gaspard ana vidole vyote kumi, na hajui ni nani alimuachia.

Usije. Nakuomba.

Mukundwa

Area 23
29 Machi 2025

Mukundwa,

Salamu nitakupa nikifika. Jumamosi ijayo niko hapo. Panga nimenoa. Leo sina mchezo.

Kaka yako

Dzaleka
6 Aprili 2025

Yaya Épitace,

Ulifika salama?

Uliondoka mbio, hata chai hukunywa. Eti vumbi imekuingia machoni. Ukaacha panga limeshika ndani ya meza yangu, sentimita chache toka mkono wa Gaspard. Alikulazia mkono pale yeye mwenyewe, akakuambia "vunja na we, yaishe," ukalia kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Wanajeshi watatu wa Uvira wangekuona!

Sasa sikia kilichofuata. Gaspard alibaki amesimama, mkono bado uko mezani. Nikamtolea waya, nikamwambia, "Shika swichi. Washa we mwenyewe." Akakataa. Akashika. Akawasha.

Suruali ikamlowa mkojo. Akazima. Akawasha tena. Akazima. Sylvie alitoka, batu bakajaa ukutani, hakuna aliyecheka. Aliwasha na kuzima mpaka betri ikafa, boliti hazikutikisika, damu haikutoka, na Merveille wa jirani alipiga video yote. Nimeituma kwa fundi wa Kauma.

Halafu Gaspard akaweka swichi chini polepole.

"Ile ya kule," akasema, "haikuwa na hii ya kuzima."

Mdogo wako,
Mukundwa