Pedali Inayoshuka Kidole Kimoja

Kibondo, 4 Juni 2024

Mwanangu Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, kifua cha mama yako kimepoa. Huko Kasulu baridi mnaionaje?

Lori linanitia aibu. Tangu ulifungie breki mpya ukarudi kazini kwako, linajivuta tu. Jana nimetoka Kumsenga na mahindi, rimu za mbele hazishikiki kwa moto. Jirani yetu Felisiani ananicheka, eti kizee cha miaka ya sabini hakivalishwi viatu vya kisasa. Fundi ni wewe, nini hiki?

Baba yako,
Nduwayezu

Kasulu, 7 Juni 2024

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Mwambie mama nimefurahi.

Likianza kujivuta, piga jeki gurudumu la mbele, kisha legeza kidogo nati za masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Gurudumu likiachia, basi fimbo ya pedali imerefushwa mno. Inasukuma hata mguu ukiwa haupo, na oili ya breki haipati njia ya kurudi. Mimi niliacha pedali ishuke upana wa kidole kimoja kabla ya kushika. Kuna mtu aliyeigusa?

Niambie ukweli, hata kama kosa ni langu. Bosi wangu Omary amesikia habari za lori, amenitoa kwenye kazi za breki mpaka ijulikane.

Mwanao,
Winnie

Kasulu, 29 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mnaumwa? Wiki tatu kimya. Mimi bado naziba pancha, na wenzangu wananiangalia vibaya. Inaniuma, baba.

Winnie

Kibondo, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hatuumwi.

Aliyeigusa ni mimi. Siku ile breki zilipokufa mteremkoni Kumsenga, tukampoteza kaka yako Anania, pedali ilishuka bila kushika kitu. Nilipoikanyaga hii yako ikashuka kile kidole, nilidhani inakufa tena. Nikachukua spana, nikairefusha fimbo mpaka ikashika papo hapo.

Barua yako niliielewa siku ile ile. Nikaona aibu, nikakuacha ubebe kosa langu. Nisamehe.

Leo nimeirudisha ulivyoiacha, magurudumu yanazunguka. Alhamisi nakuja Kasulu na lori. Mteremko nitaushuka kwa breki zako, naogopa lakini nitaushuka. Omary usimwambie lolote mpaka nifike. Maneno haya ni yangu kuyasema, na nitayasema mbele ya wenzako wote.

Ni mimi baba yako