Hukusinzia, Kaka Athumani

Kaka Athumani,

Umeme umefika hadi nyumbani. Mama bado anakuwekea ukoko wa wali kando ya sinia, halafu anakumbuka, anawamwagia kuku. Kaseti zako za taarabu ninazo mimi. Sijaweza kuzisikiliza.

Lakini ninalotaka kukwambia ni habari ya Mahfudhi, mwenye tishari, kile chombo cha chuma cha kubebea shehena.

Jioni ile ulipokuwa ukirudi Jomvu Kuu na kidau chako, giza limeshaingia, tishari lake lilikuwa limetia nanga katikati ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, bila taa. Hata kandili hakuna. Sheria ni wewe uliyenifunza, tukila mihogo pale ukingoni: chombo kikitia nanga, usiku kiwe na taa nyeupe juu, ionekane pande zote, iwe bahari kuu au horini. Kidau chako kikaligonga lile tishari, ukatupwa majini. Tulikupata kwenye mikoko, maji yalipokupwa.

Mbele ya wachunguzi Mahfudhi aliapa kwamba taa iliwaka. Akasema, "Marehemu alisinzia." Wallahi, Kaka, neno hilo liliniuma kuliko kuliona jeneza likitoka. Wewe, usinzie? Na watu wakalichukua, wakawa wanalirudia sokoni.

Basi nikamfuata Katana, aliyekuwa mlinzi wa tishari. Mahfudhi alikuwa amemwachisha kazi mara tu baada ya maziko, naye Katana akarudi kwao Kaloleni. Mara ya kwanza alinifungia mlango. Mara ya pili mkewe alinikaribisha, na Katana akasema yote huku ameinama. Taa ilikuwa imevunjika kitambo. Kila alipoomba nyingine, Mahfudhi alimjibu, "Hapa ni horini. Nani atapita?"

Nikamwambia akayaseme hayo mahakamani, la sivyo nitakaa mlangoni pake mpaka wanawe waulize mimi ni nani. Ulikuwa ukatili, najua. Sijuti.

Alikuja, akasema. Leseni ya Mahfudhi ikafutwa, na lile tishari limefungwa minyororo, linaliwa na kutu. Nikienda Changamwe nazunguka njia ya mbali makusudi nilione. Tamu, Kaka. Tamu sana.

Kisha Mahfudhi akaja na wazee kuomba radhi. Amekonda. Mama alimsamehe hata hajakaa vizuri mkekani. Mimi nikasema sitaki pole yake. Nataka asimame msikitini baada ya sala ya Ijumaa, aseme kwa kinywa chake kwamba hukusinzia. Akaniomba ayaseme barazani tu, mbele ya wachache. Nikakataa.

Ijumaa akasimama. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimeshika nondo za dirisha. "Athumani hakusinzia," akasema. "Mimi ndiye niliyeacha chombo gizani."

Nilidhani moyo utapoa. Haukupoa. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Pumzika, kakangu. Jina lako nimelisafisha, na maadamu mimi ni hai hakuna atakayelichafua tena nikanyamaza. Ila msamaha wa Mahfudhi si wangu kuutoa. Ni wako. Akifika huko mtazungumza wenyewe.

Nami namwombea afike upesi.

Nduguyo,
Mwanaisha