Amina, na Mlango

Kaka Mwadime,

Huku nyumbani Tudor tu wazima, sijui huko Ujerumani. Magoti yanamsumbua Mama, lakini Bi Swafia jirani, Mwislamu, humshika mkono hadi mlangoni pa kanisa.

Katika kundi la mtandaoni la mtaa wetu, kuna mtu aliyeficha jina akiikejeli imani yetu. Nilimjibu kwa upole, nikidhani ni mgeni tu asiyetujua. Juzi akaandika kwa dhihaka: "Amina, na mlango."

Maneno hayo husemwa nyumbani kwetu tu. Mama huyaongeza mwisho wa sala, ili Mungu autunze mlango, uukute wazi siku utakayorudi. Kumbe ni wewe.

Mama sijamwambia. Bado anakuombea mlango. Ila ufunguo ninao mimi.

Dada yako,
Mkamburi