Ski Ndefu za Makena

Jumatatu, 1 Desemba 2014
Bila mimi hii nyumba ya wazee ya Burnsville, huku ughaibuni, ingefungwa. Leo nimewaogesha wazee tisa kabla ya saa nne asubuhi, nesi mkuu akabaki ananitazama tu. Nimerudi mgongo umekufa, nikakuta simu ya dada yangu Rahabu. Wiki hii yote anapiga shifti mbili mbili. Binti yake Makena anataka kuingia timu ya shule ya ski, zile mbao mbili za kuteleza juu ya theluji. Jumamosi kocha atawapima wasichana kwa saa wakiteremka mlima, achukue sita wenye kasi. Anatakiwa awe na ski zake mwenyewe, zile nyembamba. Kuchagua ni kazi yangu. Angemwambia nani mwingine? Ukoo mzima unajua nilivyoteremka barafu ya Mlima Kenya juu ya bati, mtalii mmoja mgongoni, mwingine ameshikilia mkanda wangu.

Jumanne, 2 Desemba
Dukani na Makena. Ana miaka kumi na tano, ananifika begani. Muuzaji, mzungu wa ndevu nyekundu, akatoa jozi mbili. Zote nyembamba kiunoni, pale buti inapokaa. Akaeleza kwamba miteremko ya hapa inalainishwa na mashine kila siku, inakuwa migumu kama sementi, na ski nyembamba inalala upande haraka, ule ukingo wa chuma ukakata kona. Nilikuwa najua. Jozi moja sentimita 150, ya pili 170. Akasema ski inatakiwa kuishia usoni mwa mtu, kwa hiyo Makena achukue fupi. Makena naye, fupi.

Nikawauliza, kwani huyu mtoto ameacha kukua? Mimi sweta ya darasa la kwanza niliivaa mpaka la tano. Viatu tulijaza magazeti mbele. Kitu cha bei hii ananunuliwa cha kukulia. Mzungu akasema, "Bwana, ski si sweta." Ananifundisha mimi. Nikachukua ndefu. Akazitoboa palepale, akapiga vifungo vya buti.

Kwenye gari Makena aliweka muziki masikioni. Shukrani hakuna siku hizi.

Alhamisi, 4 Desemba
Mazoezi. Ameanguka mara saba. Nilihesabu. Wenzake wanakata kona kama wembe, yeye anaenda moja kwa moja mpaka kwenye wavu wa pembeni. "Anko, hazigeuki," ananiambia kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kimeru aache uvivu. Ski nzuri, mtoto mbovu.

Hapana. Hilo nimeandika kwa hasira.

Lakini hasira ninayo. Kila mtu pale mlimani ni mjuzi. Hata mama mmoja mwenye thamosi ya kahawa amekuja kuniambia ni ndefu mno kwa binti yule. Nani alimuuliza?

Ijumaa, 5 Desemba
Nimeomba ruhusa kazini, nime-drive mpaka dukani kuzibadilisha. Hazirudishwi. Zimeshatobolewa. Nikaanza kubembeleza kama niko soko la Meru, nikamuuliza mzungu habari za watoto wake ambao siwajui, nikajifanya naondoka mara mbili. Hakuniita nirudi. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye gari. Nikamwambia mimi nina watu wakubwa mji huu. Hakuuliza watu gani.

Barabara kuu ya I-35 imefunga kwa foleni, dakika hamsini nimekaa nyuma ya lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Jozi nyingine siwezi kununua. Rahabu amepiga kuuliza ski zinaendaje. Nikasema zinaruka. Nimechoka na duka, nimechoka na theluji, nimechoka na simu.

Jumamosi, 6 Desemba
Baridi ya kung'oa masikio. Makena alikuwa wa kumi na moja kuteremka. Kona tatu za kwanza alizishinda kwa nguvu tu, mapaja yanatetemeka. Nilipiga kelele mpaka wazazi wengine wakageuka. Kona ya nne ski zikaenda moja kwa moja, yeye akaanguka ubavu. Akainuka. Akamaliza.

Wa saba.

Wanachukua sita. Wa sita, kocha alisema, amemshinda kwa sekunde moja. Afadhali angesema kumi.

Makena hakulia. Ski alizifunga mwenyewe juu ya gari, hakutaka nimsaidie. Tukashika njia ya kwenda kwao Lakeville. Nikaona nimchangamshe kidogo, nikaanza ile ya bati na watalii. Akasema, "Anko, tafadhali. Si leo." Kwa Kiswahili. Mtoto huyu hajawahi kunijibu kwa Kiswahili.

Jumapili, 7 Desemba
Kanisani nimekaa viti vya nyuma. Baadaye nikaenda kwa Rahabu. Anajua yote. Hakunigombeza. Aliniwekea chai na mkate, akakaa, akaangalia mikono yake. Afadhali angenigombeza.

Makena alitoka chumbani, akasema mwaka ujao atajaribu tena na atachagua mwenyewe. Ski nizichukue, hataki kuziona. Sasa ziko hapa kwangu, zimeegemea ukuta wa sebule. Theluji inaanguka taratibu nje. Hakuna mtu wa kumpigia simu.

Habari ya kukulia niliisema kwa sauti kubwa pale dukani. Makena alipokuwa anajaribu buti nilisimama kando ya zile ndefu. Zilinifika puani sawasawa, kipimo changu mimi. Nilitaka niwe naziazima siku zangu za ofu, yeye akiwa shule, nijifunze watu wasinione.