Fortunatus na Rota ya Chini ya Kitanda

Mwaka umetimia, Fortunatus, tangu tukulaze kaburini Mnyambe, na ni leo tu tumepata uso wa kukusemesha.

Tunakumbuka ulivyofunga madumu ya maji kwenye baiskeli, upande huu sawa na ule, kama ulivyopanga vichupa vya damu kwenye mashine ya maabara. Ulitueleza kwamba katika rota yenu, kile chuma cha mashine kinachoshika vichupa, vichupa hukaa mshazari, na ikizunguka, chembe za damu hunata ubavuni. Kaka yako Ladislaus akadakia, "Basi nizungushe mimi, tuone uongo wangu utanata wapi!" Ukamjibu, "Wako, kaka, utajaza kichupa." Akacheka mpaka ming'oko, vile viazi vya porini alivyokuwa akitafuna, vikampalia.

Ulipoondoka, mkeo Regina aliikuta rota chini ya kitanda, dude zito la matundu, umelifunga kwa gunia. Kila mmoja aliwaza: kaiba kazini. Tangu hapo Regina akiwaona wenzako sokoni, hugeuza njia.

Juma lililopita yeye na Ladislaus wakaamua kuirudisha maabara kimyakimya, jina lako lisichafuke. Ladislaus aliificha kwenye kikapu, juu kaweka korosho, na uongo kaupanga njia nzima. Akawapokea Tahiri, mwenzako wa maabara, akakiona chuma kikichungulia kati ya korosho.

"Shikamooni. Mama Agatha, hii mnaileta ya nini tena?" akamuuliza Regina.

"Marahaba, mwanangu. Tumeiokota," Ladislaus akaanza.

"Mmeiokota wapi, na mimi ndiye niliyemfungia marehemu kwenye baiskeli? Ina ufa hiyo. Ikizungushwa kwa kasi inapasuka, inaua mtu. Ilishatolewa kazini, ila marehemu akasema ikibaki hapa, siku tukikwama bila nyingine kuna atakayeijaribu. Akaomba akae nayo mwenyewe."

Regina alijifunika uso kwa khanga. Ladislaus, kwa mara ya kwanza, aliomba radhi bila kuongeza chumvi.

Ulilala juu ya chuma kile ili asiumie mtu usiyemjua. Sisi tuliokula nawe sahani moja tukakuhukumu, wala hatukumuuliza mtu. Tusamehe, ndugu yetu.

Siku ile rota ilipoonekana, ni binti yako peke yake aliyesema, "Baba haibi." Tukamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Kwa hiyo leo jina lake linatangulia, hata mbele ya wakubwa.

Wanaokukumbuka: binti yako Agatha. Kisha mkeo Regina, kaka yako Ladislaus, na ukoo wote wa Newala na Masasi.

Hututoki moyoni, siku zote.